Mitungi Iliyooshwa kwa Sabuni

Siku ya kuniaga mlinipa blanketi, saa ya ukutani na hotuba. Katika hotuba hiyo mwenyekiti wa wazazi alisema kwamba Madam Nafula ni mtu mpole ambaye hajawahi kugombana na yeyote. Nilipiga makofi pamoja nanyi kwa sababu pilau ilikuwa inapoa. Lakini mimi si mpole, na aliyemwandikia ile hotuba ni mtu ambaye hajawahi kukaa karibu na meza yangu. Nimestaafu nikiwa na hasira. Mwalimu mmoja kijana aliponiomba niwaandikie machache kuhusu kazi ya kufundisha sayansi, nilikubali kwa sababu ya hasira hiyo tu. Wanaotaka ushauri wa kupanda cheo wamtafute mtu mwingine. Vyeo vyangu vilikuja vilipokuja, na mshahara wangu mnaujua kwa maana ndio wenu.

Nilianza kazi katika shule ya msingi iliyo mtaa wa Jamhuri hapa Nairobi, nikitoka chuo cha ualimu, na kabla ya chuo nikitoka Bungoma. Siku ya kwanza nilikabidhiwa darasa la sita, chaki, na chati ya sehemu za ua. Chati yenyewe ilikuwa kuukuu, panya walikuwa wamekula ovari yote na nusu ya petali. Niliibandika ukutani nikaanza kufundisha kwa bidii, fimbo mkononi, watoto wakiimba majina nyuma yangu. Nje ya dirisha palikuwa na ua wa mabogenvilia uliochanua kupindukia. Sikuuona. Aliyeuona ni Bi. Bhogal, mkuu wa idara ya sayansi, mama wa Kihindi aliyezaliwa na kulelewa Nairobi hii hii. Alikuwa akipita na shali yake begani. Aliingia bila kubisha, akaikunja ile chati taratibu, akawaambia watoto watoke nje na kila mmoja arudi na ua moja.

Tulipobaki wawili akaniambia, "Nafula, ua liko hapo nje, na wewe unawaonyesha karatasi."

Nilimkasirikia muhula mzima. Nilimwona mtu wa kujipiga kifua. Baadaye nilianza kuiga alivyofanya, kwanza kwa siri, kisha bila aibu.

Bi. Bhogal alikuwa na mtindo mmoja wa kazi ambao wakaguzi hawakuupenda kabisa. Ubaoni alikuwa anaandika tu kile ambacho watoto wamekiona kwa macho yao. Kama darasa halijaona kitu, ubao ulibaki mtupu, hata kengele ilie. Mara ya kwanza nilipotaka kuwasaidia watoto jibu, alinishika mkono. "Usiwaambie bado," akasema. "Ukiwaambia, hawataangalia tena." Nimefundisha miaka yangu yote kwa maneno hayo. Vitabu vya mwongozo nimepewa vingi, na baadhi nimevitumia kuzuia mlango usijifunge.

Yeye ndiye aliyenifundisha kukuza kangaga. Najua wengi wenu mmekunja uso hapo. Kangaga ndilo jina la Kiswahili la ule mmea mnaouita fern, na jina hilo sijawahi kulisikia Nairobi ila ndani ya kamusi. Hata hilo la Kizungu lina shida zake. Mwaka mmoja nilimwomba mtunza stoo aninunulie fern kwa ajili ya darasa, akaniuliza feni ni ya nini na baridi hii yote ya Julai. Nikamwambia ni ya kupanda. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

Nyumbani kwa Bi. Bhogal, Ngara, kulikuwa na baraza ya nyuma iliyojaa makangaga ndani ya mikebe ya samli. Alinionyesha jani moja kwa chini. Lilikuwa na vidoadoa vya kahawia vilivyopangana mistari miwili, vizuri kabisa. Nikamwambia mmea unaumwa, atafute dawa apulize. Alicheka hadi akavua miwani. Vile vidoa ni vifuko vya mbegu zake, ingawa si mbegu hasa, ni spora, vumbi laini kuliko unga wa ngano. Kangaga halichanui ua wala halizai tunda. Linabeba uzazi wake wote mgongoni mwa jani, mahali ambapo watu hawaangalii.

Sasa sikilizeni namna ya kufanya, maana hii haimo katika kitabu chenu, au imo kwa mstari mmoja ulioandikwa na mtu ambaye hajaijaribu. Kata jani lenye vidoa vilivyokomaa, lilaze juu ya karatasi nyeupe, lifunike na kitabu kizito, liache mahali pakavu. Ukilifunua utakuta vumbi la kahawia limechora umbo la jani. Udongo uchemshe kwanza, nao unanuka vibaya, kwa hiyo usitumie sufuria ya ugali kama hutaki maneno nyumbani. Usipouchemsha, ukungu utakutangulia. Weka udongo ndani ya mtungi wa plastiki unaoonyesha ndani, ule wa siagi ya njugu unafaa sana. Nyunyiza vumbi lako, tia maji ya mvua, funika kwa nailoni, weka dirishani pasipopigwa na jua. Halafu subiri. Kinachokuja kwanza si kangaga. Ni utando wa kijani, mwembamba, unaofanana kabisa na ule uchafu wa ndani ya tangi la maji. Baada ya utando vinakuja vijani vidogo bapa, kila kimoja na umbo la moyo, vidogo kuliko ukucha wa mtoto. Huko ndiko mbegu ya kiume na ya kike zinakutana, ndani ya tone la maji. Jani la kangaga lenyewe linachomoza baadaye sana. Kuanzia vumbi hadi jani unaweza kumaliza mihula miwili. Nimewaona walimu wakiacha njiani kwa kuchoka kusubiri. Watoto sijawahi kuwaona wakichoka, mradi mtu asiwaambie mwisho wake.

Nimelifanya jaribio hili katika kila shule niliyofundisha. Nimelifanya na watoto wa darasa la tano na la nane, mahali penye mikroskopu na mahali penye kioo cha mkono kilichopasuka. Na kila mara kuna siku ambayo mtoto mmoja anainua kichwa akasema kitu ambacho hukumfundisha. Siku hiyo ndiyo mshahara wangu.

Ndipo nikaletwa Uthiru, shuleni kwenu, na huko ndiko hasira hii ilikozaliwa.

Mnakumbuka mtaala mpya ulipokuja, jinsi watoto wa Gredi ya Saba walivyobaki nasi ghafla, sekondari ndani ya shule ya msingi, na maabara hakuna. Nilipewa stoo iliyo kando ya vyoo. Nilitoa madawati mabovu, nikapiga deki, nikapanga mitungi kwenye kingo za dirisha. Kila mtoto alikuwa na wake, na jina lake juu ya plasta. Kulikuwa na msichana anayeitwa Sharleen Akoth, ambaye mama yake anauza sukuma wiki na mboga za kienyeji kando ya barabara ya Waiyaki Way. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Ila alikuwa na macho. Kila asubuhi kabla ya gwaride alipita stoo kuangalia mtungi wake, na kioo cha mkono nilimwachia yeye.

Utando ulipoanza, darasa liligawanyika. Wengi walisema zimeoza. Kijana mmoja akasema, "Madam, hii inakaa tu ile kitu ya tank. Si tumwage tuanze upya?" Nilibana mdomo jinsi Bi. Bhogal alivyonifundisha, na ubaoni niliandika maneno yao tu: kijani, laini, inateleza. Baada ya wiki kadhaa Sharleen aliinua kichwa kutoka kwenye kioo.

"Madam," akasema, "haijaoza. Iko na moyo. Ziko nyingi, zote ziko na shape ya moyo."

Wakamsukuma ili nao waone. Walipangana foleni kwa hicho kioo kimoja hadi kengele ya chakula ikalia wakaipuuza, na mnajua njaa ya Gredi ya Saba. Kuanzia siku hiyo waliviita fern mtoto. Nilikuwa nawasubiri wafike kwenye jani lenyewe, na nilikuwa na hakika watafika kabla sijastaafu.

Kisha likaja lile neno lenu, ushahidi. Siku hizi mtoto akishona kifungo, mwalimu anampiga picha ya ushahidi. Akifagia, ushahidi. Nimewaona wazazi kwenye saiba, duka la kompyuta, wakichapishiwa mradi mzima wa mtoto huku mtoto amelala nyumbani. Tulitangaziwa kwamba maafisa wa elimu watakuja kuona miradi ya Gredi ya Saba. Mwalimu Mkuu, ambaye simtaji jina kwa sababu ana watoto wa kusomesha, akaja stoo kutazama. Akasimama mbele ya dirisha, mikono nyuma.

"Madam, sasa hii ndio nini?"

"Makangaga, mwalimu. Fern."

"Fern iko wapi hapa? Mimi naona uchafu."

Nilimweleza yote, tena kwa upole, upole mliousifu. Nikamwonyesha mioyo kwa kile kioo. Aliinama akatazama kwa muda wa kupiga chafya, akainuka.

"Sawa, nimeelewa. Lakini wageni hawatakuja na hiyo glasi yako. Wageni wanataka evidence. Hii ukipiga picha inatoka kama ukuta wa choo."

Nilimwambia hiyo ndiyo hatua yake, na mtoto yeyote wa darasa langu anaweza kumweleza mgeni. Akatikisa kichwa, akaniambia tusijali, tutaona. Nilidhani tumemaliza.

Siku moja kabla ya wageni nikatumwa mjini kwa semina. Tuliwekwa katika ukumbi wa hoteli katikati ya jiji tangu asubuhi, tukafundishwa jinsi ya kutathmini miradi ya wanafunzi kwa haki. Ndiyo, mmesoma vizuri. Kwa haki. Tulikula kuku, tukapewa mkoba wenye kalamu. Nilirudi Uthiru kesho yake nikaenda stoo moja kwa moja kama kawaida yangu.

Dirishani hapakuwa na kitu. Mitungi yote ilikuwa nje, imepangwa juu ya nyasi kichwa chini, safi, inang'aa kwa jua. Majina yalikuwa bado yamebandikwa. Ndani ya stoo, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, kulikuwa na safu ya makangaga makubwa, ya kupendeza, ndani ya vyungu vya udongo vilivyopakwa rangi. Yale ambayo wauza miche wanayapanga kando ya barabara kule Karen kwa watu wenye bustani. Kila chungu kilikuwa na jina la mtoto.

Nilimkuta Sharleen karibu na mfereji. Nikamuuliza ni nani aliyeosha mitungi.

"Ni sisi, Madam. Kila mtu ameosha yake. Head alitupatia sabuni."

"Hukumwambia Mwalimu Mkuu ni nini?"

"Nilimwambia ni fern mtoto. Akacheka. Akasema tuharakishe wageni wasituone tukiwa wachafu."

Niliketi kwenye ukingo wa mfereji. Nimewahi kuvunjiwa vifaa, nimeibiwa mizani, nimewahi kumwagikiwa asidi kwenye kiatu. Hakuna kilichoniuma hivyo. Angeyamwaga mwenyewe ningemwita mjinga, basi. Lakini aliwapa watoto sabuni, wakasugua kazi yao kwa mikono yao.

Nilikwenda ofisini na sikubisha. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye alikuwa ametulia. "Madam Nafula, hebu punguza moto," akasema. "Mimi nasaidia watoto wako. Wakipata alama mbaya ni mimi niliwafelisha ama ni wewe na hiyo mboga yako ya tangi?" Nikamwuliza watoto watasema nini wakiulizwa. Akasema watoto wameshaongeleshwa.

Niliingia darasani kabla ya wageni. Niliwaambia kitu kimoja: "Mkiulizwa, semeni mlichoona kwa macho yenu." Walinitazama. Walikuwa wameniona mimi na walikuwa wamemwona yeye, na wanajua ni nani mwenye shule.

Wageni walikuja wakiwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzuri. Walizunguka meza wakishangilia. Yule mama akasimama mbele ya chungu cha Sharleen akamwomba aeleze. Sharleen akaanza. Akaeleza jani juu ya karatasi, vumbi, udongo uliochemshwa, maji ya mvua, utando ulioteleza. Akaeleza mioyo, na alipofika kwenye mioyo uso wake ukachangamka kabisa. Nilianza kupumua. Halafu akaweka mkono juu ya lile kangaga la Karen, akasema bila kusita, "Na sasa ile mioyo ikakua, ikakua, ikawa hii."

Wakampigia makofi. Uongo ule ulikuwa mtamu kwa sababu ulipandwa juu ya ukweli wake mwenyewe.

Nikasema. Baadhi yenu mlikuwa mlangoni, mlinisikia. Nikasema, "Madam afisa, haya yamenunuliwa Karen. Kazi ya watoto ilioshwa na sabuni, na mitungi iko pale nje kwenye nyasi." Sharleen aliinamisha kichwa. Mwalimu Mkuu akakohoa. Yule mama hata hakugeuka kutazama nyasi. Alinigusa bega kwa upendo, jinsi unavyomgusa shangazi aliyechoka.

"Mwalimu, sisi pia tulikuwa walimu," akasema. "Tunajua. Hata shule ingine tumetoka ni hivyo hivyo. Wacha tupige picha, tuko na zingine mbili za kuona kabla ya jam."

Wakapiga picha. Sharleen katikati, chungu mkononi. Akapewa alama ya juu kabisa, kuzidi matarajio, darasa zima likapewa kuzidi matarajio. Nilikataa kuziingiza alama hizo kwenye mtandao. Ziliingia tu, na sikuhitaji kuuliza ni kwa mkono wa nani.

Nikaja chumba cha walimu. Mlikuwa mnakunywa chai. Hakuna aliyeinua macho, ila mwalimu mmoja ninayempenda, akaniambia kwa kuninong'oneza, "Madam, si ungenyamaza tu, umebakisha muda kidogo uende nyumbani." Nyinyi mnaosoma hapa ndio nyinyi. Sisemi kwa mafumbo. Nina hasira na Mwalimu Mkuu na nina hasira na yule mama mwenye sauti nzuri, lakini wao nilishawazoea watu wa aina yao. Nyinyi ndio mlioniumiza, kwa sababu mnajua sayansi. Kila mmoja wenu anajua vumbi halifanyi jani la urefu wa mkono kwa muda ule. Mlikoroga chai.

Msinielewe vibaya kuhusu yule mtoto. Simlaumu hata kidogo. Watu wazima watatu walimpigia makofi kwa uongo, na mmoja alipiga kelele kwa ajili ya ukweli akaambiwa kuna foleni barabarani. Mtoto mwenye macho ataona nini hapo?

Muhula uliofuata, wangu wa mwisho, nilitafuta jani jingine lenye vidoa. Nililipata kwenye yale makangaga ya Karen yenyewe, maana mmea hauna kosa. Nikachemsha udongo, mume wangu akalalamikia harufu, nikaubeba hadi shuleni. Nikaitoa mitungi nikaigawa tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, au kwa aibu, au kwa watoto kukataa. Hawakukataa. Walipanga foleni wakapokea kama watoto wema.

Sharleen akapokea mtungi wake, akautazama ndani. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, jinsi mtoto anavyouliza kama kesho ni likizo, "Madam, hizi tutakuza ama zitanunuliwa?"

Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Alitaka tu kujua.

"Tutakuza," nikasema.

"Sawa, Madam." Akachota udongo kwa mkono, akaweka kidogo, halafu akaacha. "Na head anajua?"

Wenzake wakaacha kujaza udongo, wote, wakanigeukia wasikie nitasema nini.